Moto Nao Upige Hodi

Mwanangu Zuhura,

Usishtuke kukuta kile kiboksi juu ya viatu vyako, na karatasi hii chini yake. Nimeviweka mimi. Nimesema huyu mtoto hawezi kwenda Njombe peku, kwa hiyo atakiinua tu, na akikiinua atanisoma.

Mama yako amekaa hapa pembeni ananiangalia kama mtu anayeiba. Kila nikimaliza mstari anauliza, "Umefika wapi?" Namwambia nimefika kwenye salamu. Anasema, "Toka saa ile?" Basi salamu zenyewe ndizo hizi: sisi wazima, bibi yako mzima, mbwa mzima, na wewe tunakusikia nyuma ya ukuta unajigeuza kitandani, kwa hiyo hali yako sina haja ya kuiuliza. Hujalala. Na mimi sijalala. Tofauti ni kwamba mimi nina kalamu.

Unajua shule sikuingia. Herufi nimejifunza mgongoni mwa malori, wakati nikiwa utingo, na herufi za mgongoni mwa lori ni kubwa, ndiyo maana na zangu ni kubwa hivi. Ukiona nimekosea soma kwa sauti, kama unanisikia nasema. Hapo nitakuwa nimepatia.

Habari za sweta, habari za kula, habari za kufunga mlango kwa komeo, mama yako ameshakwambia mpaka mbwa amekariri. Mimi hayo siyagusi. Nataka tuzungumze habari ya hicho kiboksi, maana jioni ulipokileta nilinyamaza, na wewe unanijua, mimi kunyamaza ni ugonjwa.

Ulikuja nacho ukakiweka kwenye mkeka, katikati ya sufuria ya makande na bakuli la mboga, kama mtu anarudisha kitu cha kuazima. Ukasema, "Baba, vifaranga wakija Alhamisi rudini kwenye mkaa. Mimi hiki sikifungi tena." Halafu ukasema na huko uendako utawafungia nyaya tu, kuwasha awashe mwingine. Nikakuuliza, "Huyo mwingine yeye ana vidole vya dhahabu?" Hukucheka. Mama yako naye hakucheka. Nikaona leo utani wangu hauna soko, nikala makande yangu.

Lakini Zuhura, wale watu wa Njombe wamekuita kwa sababu hiyo hiyo ya kuwasha. Wana mabanda ya vifaranga, wana magari ya maziwa ambayo alfajiri injini zinagoma kwa baridi, wanataka mtu mmoja akae mahali pamoja na simu yake, awashe hita za mabanda na hita za magari kabla watu hawajaamka. Sasa ukifika ukasema kuwasha hapana, watakuuliza umefuata nini. Utarudi kwa basi lile lile. Na kule baridi si ya kubembelezana, mtu asipowasha, kitu kinakufa.

Baridi ya huko naijua kuliko mtu yeyote aliyezaliwa Handeni nzima. Mama yako anaguna hapa, mwache agune. Hii ya kwetu Vugiri, mwezi wa saba, ukungu umekaa mlangoni kama mgeni asiyeaga, hii ni baridi ya watoto. Kule Makete, tulipokuwa tunafuata viazi, nilitema mate usiku yakalia chini kama sarafu. Nilimwona jogoo amefungua mdomo awike, sauti ikachelewa, ikatoka jua lilipochomoza. Haya, toa nusu. Nusu iliyobaki bado ni baridi ya kutosha.

Lori letu alfajiri lilikuwa haliwaki. Oili inaganda kama samli, unapiga ufunguo injini inakohoa mara moja basi, imelala. Dawa yake ilikuwa jiko la mkaa. Unawasha mkaa mpaka unakuwa mwekundu hauna moshi, unalisukuma jiko chini ya injini, pale oili inapokaa, unangoja mpaka chuma kipate moto, ndipo unapiga ufunguo. Madereva wote wa kule walifanya hivyo. Hapo palikuwa hakuna simu wala kiboksi. Kiboksi kilikuwa mimi.

Sasa lile kovu la begani kwangu, ambalo nyie watoto niliwaambia ni la chui, na nikawaonyesha mpaka alivyoruka. Chui hakuwepo. Kaa na hilo, najua umelisimulia shuleni, samahani.

Dereva wetu alikuwa mtu mmoja wa Mnyuzi, Mzee Kibwana, mtu mpole sana, mwenye sauti ndogo kama mgonjwa. Siku moja tulifika usiku, injini bado ya moto, nikaona wenzangu wanatetemeka juu ya magunia mimi nikajifanya mjanja. Nikatandika turubai chini ya injini, nikalala hapo, joto linanishukia kama niko kwetu Kang'ata. Nililala usingizi wa bwana harusi. Alfajiri Mzee Kibwana akaamka kabla yangu. Akasema moyoni, huyu kijana kachoka, leo nimsaidie. Akawasha jiko mwenyewe, akalisukuma chini ya injini kama siku zote. Jiko likanikuta.

Ona hapo. Yule mtu hakunichoma kwa ubaya. Alinichoma kwa huruma. Na hakunichoma kwa sababu jiko ni baya. Ni kwa sababu pale penye joto jana ndipo mtu wa baridi atakapokwenda kulala leo. Mtu, paka, nyoka, wote.

Alilia yule mzee kuliko mimi. Siku hiyo alinipaka asali ya watu tuliyoibeba, akanipakata kwenye kebini mpaka Iringa. Nikajua basi, jiko hatoligusa tena, kazi imebaki kwangu. Lakini tuliporudi safari nyingine, alfajiri nikiwa juu ya magunia, nikasikia mtu anagonga bodi la lori kwa kiganja. Anaita, "Hodi." Nikachungulia. Ni Mzee Kibwana, ameshika jiko la mkaa mwekundu, analipigia hodi lori. Hakusukuma. Amesimama, anangoja. Nikamwambia, "Mzee, umeanza kuzeeka, gari halijibu." Akaniambia, "Silisemeshi gari. Nakusemesha wewe." Ndipo nikasema karibu, ndipo akasukuma.

Akawa hivyo mpaka nilipoacha kazi. Madereva wengine walimcheka, na mimi nilimcheka vilevile, nilikuwa naigiza sauti yake vituo vyote. Sikujua kama nitakuja kuihitaji.

Nimetoka kwenye njia kidogo, mama yako anasema karatasi itaisha. Narudi.

Umesema turudi kwenye mkaa. Zuhura, wewe ulikuwa mdogo, umebebwa mgongoni, hukumbuki mkaa ulivyotufanya. Kundi langu la kwanza la vifaranga, nilikuwa najigamba mlima mzima, nikaona kibaridi kinapenya kwenye nyavu. Nikachukua magunia nikaziba madirisha yote, nikaziba mpaka tundu la ufunguo, nikaweka majiko ndani, nikafunga. Nikamwambia mama yako leo wanalala hotelini. Asubuhi nimefungua nimewakuta wote wamelala kweli, vichwa vimeelekea mlangoni. Nimeinama niwaokote, miguu ikakataa. Mama yako ndiye alinivuta kwa miguu mpaka nje. Ule mkaa hauna moshi wala harufu, ila hewa yote unaila wenyewe. Mpaka leo pale mashineni wakitaka kunikomesha wananiita Mbuzi wa Kuvutwa. Basi mkaa ndio huo unaotuambia tuurudie, na mwenye kuuwasha nikiwa ni mimi, na magunia bado ninayo.

Ndiyo maana ulipotoka chuo cha ufundi na hicho kiboksi chako, nilishukuru Mungu, halafu nikaharibu shukrani kwa mdomo.

Ulinieleza taratibu kama unamweleza mtoto. Ndani kuna laini ya simu. Unatuma neno WASHA, hita zinawaka. Unatuma ZIMA, zinazima. Na chenyewe kinajibu, IMEWASHWA, IMEZIMWA. Nilikwambia rudia, ukarudia, nikakwambia rudia tena, si kwamba sikuelewa, nilikuwa nasikia utamu. Mtoto wa Mhina, mtu aliyesomea mgongoni mwa lori, yuko Korogwe anawasha moto Vugiri. Nilitembea na kifua mbele mpaka shati likakosa kifungo. Pale mashineni wakaniuliza, "Mzee Mhina, siku hizi kuku wako wanapokea simu?" Nikawaambia wanapokea, ila hawana salio la kujibu.

Hapo katikati ya majigambo yangu yupo bibi yako.

Mama yangu hakuomba kuja huku mlimani. Yeye ni mtu wa Kang'ata, mtu ambaye ardhi inamchoma nyayo na anaona raha. Nilimfuata mimi, na gari la kukodi, nikampandisha huku, ili watu waseme Mhina anatunza mama yake kwenye nyumba ya umeme. Watu walisema kweli. Yeye akawa anatetemeka. Nikimuuliza, "Mama, baridi?" anasema, "Baridi ya nini, mimi ni mtoto?" Kumbe alikuwa amejipatia mahali pake. Kundi la vifaranga likishatoka, banda likishafagiliwa, yeye anaingia humo anakaa kwenye kigoda. Hakuna upepo, jua linapita kwenye nyavu, maranda yana harufu ya joto. Ukimuuliza anasema anaangalia panya. Sote tulijua. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa sababu ni mama, na kwa sababu mtu huwezi kumwambia mama yako nimeona unakaa kwa kuku.

Na ile hita, ikiwa imezimwa, yeye aliiona ni kichanja. Ina nyaya mbele, imesimama vizuri, kimo cha mtu aliyekaa. Akawa anaanika hapo shuka yake nyekundu, ile aliyonunua kwa Wamasai mnadani Handeni, ukungu ukiilowesha. Nani alimweleza kwamba kichanja kile kinaweza kuamka kikiitwa kutoka Korogwe? Wewe ulidhani nimemweleza mimi. Mimi nilikuwa nawaeleza watu wa mashineni.

Sasa siku ile. Nataka uisome kwangu, kwa sababu naona umekuwa ukijisomea mwenyewe huko kitandani, na unaisoma vibaya.

Tulikuwa Korogwe, tumeuza kuku, tumekaa kwenye supu. Yule mchuuzi mnene aliyenunua majogoo akasema, "Mzee, hiyo ya kuwasha moto kwa simu ni hadithi ya sungura." Watu wakacheka. Mimi kuchekwa kwa hadithi ya uongo sijali, ndiyo kazi yangu, lakini kuchekwa kwa hadithi ya kweli kulinichoma. Nikakwambia, "Zuhura, washa."

Wewe ulisema nini? Ulisema, "Baba, banda tupu saa hizi. Na ni mchana."

Nikasema, "Ndiyo vizuri, hakuna hasara. Washa waone."

Ukaniangalia. Ulikuwa hutaki. Mimi nikageukia watu nikasema, "Mwanangu ana aibu, kwao hawakufundishwa kujisifu." Wakacheka tena. Ndipo ukabonyeza. Simu ikalia, ukamwonyesha yule mnene, IMEWASHWA. Wakapiga meza. Nikawaagizia chai watu nisiowajua.

Chai haijafika, mama yako akapiga. Akasema, "Nyie mmewasha? Bibi yuko," na mtandao ukakatika. Unajua huku kwetu, ukungu ukishuka na mtandao unashuka nao. Bibi yuko. Yuko nini? Yuko wapi? Nilikuona unabonyeza ZIMA. Kikajibu, IMEZIMWA, kwa mlio ule ule. Mimi kile kijimlio kimenikaa sikioni mpaka leo. Kilisema kweli, hakikudanganya. Lakini kingesema hivyo hivyo hata kama banda limekuwa majivu na bibi yumo. Chenyewe kinajua moto tu, watu hakijui.

Tulipanda bodaboda moja, mshikaki, mimi katikati, wewe nyuma. Tumepita mkonge, tumeanza kupanda, yule kijana anakwenda mbio na mimi sikumwambia apunguze. Nilikuhisi umeweka paji la uso mgongoni kwangu, unagonga, unagonga, kila kona. Nikawa nawaza, mama nilimtoa kwenye jua lake nikamleta kwenye baridi ili nijisifu, na sasa nimemchoma ili nijisifu. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu. Yako sikuiuliza.

Tumefika tumemkuta amekaa nje kwenye jiwe, mkono wa kushoto uko kwenye beseni la maji, mama yako anampepea. Shuka iko chini, imeungua, imekauka kama ngozi ya mbuzi. Alikuwa amesinzia, akaamkia moshi, akaivuta mwenyewe kwa mkono. Wewe ukaanguka magotini ukamshika miguu. Akakwambia, "Inuka, unanifanya nionekane maiti." Halafu akauliza, akituangalia sote mmoja mmoja, "Nani kaingia bila hodi?"

Mimi nilisikia kiganja cha Mzee Kibwana kinagonga bodi.

Toka siku hiyo ukakifungua kiboksi ukakitupa kwenye ndoo ya misumari. Unamwosha bibi yako mkono, unamfunga kitambaa, huongei. Nimekuacha, nikidhani yatapita. Leo nimeona hayapiti, yanataka kupanda nawe basi. Kwa hiyo sikia: kidole kilikuwa chako, mdomo ulikuwa wangu. Kidole kilikataa, mdomo ukakilazimisha. Ukitaka kugawa kosa ligawe, lakini nipe fungu langu, usibebe na la kwangu ukalipeleka Njombe. Mimi bado nina mgongo.

Lakini pia sitakudanganya, na mimi kudanganya ni fani. Sikwambii haitatokea tena. Kule uendako kutakuwa na utingo fulani, mpumbavu kama mimi, amelala chini ya gari la maziwa kwa sababu jana palikuwa na joto. Kutakuwa na mama anafagia banda amejibanza kwenye hita na mtoto mgongoni. Wewe utakuwa mbali, huoni. Hilo linaninyima usingizi kuliko baridi yenyewe. Ningekuwa baba mwenye akili ningesema basi usiende, kaa hapa tulime tangawizi. Nimelifikiria, nalikataa, nalifikiria tena. Mama yako ameniona nalifikiria, akasema, "Andika, usikodoe macho."

Sasa nikwambie kilichotokea jioni hii baada ya wewe kuingia chumbani.

Bibi yako aliniita. Nikaingia. Amekaa kitandani, blanketi mpaka shingoni, mkono umetokeza na kitambaa chako. Akaniuliza, "Mjukuu wangu kasemaje pale kwenye makande?" Nikamwambia kasema hawashi tena, turudi kwenye mkaa.

Akasema, "Na mwenye kuwasha mkaa ni wewe?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Basi nirudishe Kang'ata kesho."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia, "Mwanangu, mimi banda lile nalitaka. Usinifanye niseme mara mbili. Mimi hapa kwenu sina mahali pengine penye joto." Zuhura, huyu ni mama ambaye tangu nimlete hajawahi kutamka neno baridi mbele yangu. Nikasema, "Mama, nitakununulia hita ya chumbani." Akasema, "Uiwashe kutoka wapi?" Hapo nikajua nimepatikana.

Akaniuliza hiyo simu inafanyaje kazi, mpaka moto uwake. Nikamweleza kama ulivyonieleza, na nikarudia. Akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo yeye yuko mbali anasema ingia, na moto unaingia. Na mimi niko ndani sijaulizwa."

Nikasema ndivyo.

"Huo si moto mbaya," akasema. "Ni moto usio na adabu. Unafundishika. Anayo simu, si ndiyo? Basi kabla hajauambia uingie, anipigie mimi. Aseme hodi. Mimi ndiye ninayekaa mle, nikitoka mimi hakuna mtu. Nikiwa nimeanika, nitaanua. Nikiwa nimekaa, nitasogea. Ndipo nitasema karibu. Nikisema karibu, awashe. Nikisema ngoja, angoje."

Nikamwambia, "Mama, wewe simu hujawahi kushika."

Akasema, "Na wewe shule hujawahi kuingia, mbona unatusumbua na barua?" Kumbe alikuwa ameshasikia kalamu inatafutwa.

Basi nimempa kitochi changu, hii simu yangu ndogo. Nimemfundisha kitufe cha kijani. Mama yako alisimama ukumbini akapiga, bibi yako akapokea kwa mkono wake mzima, akasema "Karibu" kabla hajaulizwa. Tukarudia. Mara ya pili akasema, "Ngoja," akatuacha tunangoja, akanywa maji, akakohoa, akapanga blanketi, ndipo akasema karibu. Anasema lazima uzoee kungojeshwa. Sasa hivi amelala nacho chini ya mto. Amenikataza kukigusa.

Kwa hiyo ombi langu ndilo hili, na mimi sina mazoea ya kuomba, huwa najisifu mpaka napewa. Asubuhi kabla ya chai, kabla bodaboda haijaja kukupeleka Korogwe, kirudishe hicho kiboksi kwenye banda lile. Nitakushikia tochi. Sitasema neno, mama yako atakuwa shahidi. Kaa na bibi yako ndani, mwonyeshe hita yenyewe, mwonyeshe inapowaka na inapopoa, umwekee kigoda mahali pake na kamba ya kuanikia mahali pengine. Nilitakiwa kuyafanya hayo mimi.

Na huko Njombe, kabla hujauliza mshahara wala chumba, uliza nani wa kusema karibu kwenye kila banda, na nani kwenye kila gari. Wakisema hayupo, mtafute. Wakikucheka, cheka nao, halafu ngoja. Mzee Kibwana alichekwa mpaka na mimi aliyenichoma.

Basi kila jioni ya kipupwe, kabla ya kuwasha banda letu, utatupigia, uko huko kwenye baridi ya kweli, na sauti ya kwanza utakayoisikia itakuwa ya bibi yako anakungojesha kwa makusudi. Nitakuwa nimekaa karibu, nasikiliza upande mmoja wa maneno, nangoja kuambiwa umesemaje.

Liko jambo moja limebaki, mama yako ameacha kuuliza nimefika wapi, kwa hiyo amejua nimelifikia. Bibi yako ni mtu mzima sana, Zuhura. Tumempandisha kwenye baridi, tumemchoma mkono, na bado anasema karibu. Iko siku utapiga, utasema hodi, na utangoja, na utadhani anakutania kama kawaida yake. Ngoja tena. Sema hodi mara ya tatu, ndivyo tulivyofundishwa kwenye mlango wa mtu. Ukiona kimya, usiwashe. Vifaranga niachie mimi siku hiyo, nitawasha mkaa na madirisha nitayaacha wazi, naapa.

Wewe panda basi uje.

Ni mimi baba yako, Mhina, mwenye kovu la jiko.